Makala inadai dola 30 na bando linaisha: utafiti wa pampu uanzie wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi mitambo, mwaka wa mwisho, hapa Mbeya. Mradi wangu ni kupandisha maji kutoka kijito cha bondeni hadi shule iliyo kilimani huko Rungwe, bila umeme wala dizeli. Nimetafuta mtandaoni wiki tatu. Napata video za watu wanaounganisha chupa na mabomba ya plastiki, na makala za kitaalamu zinazodai zaidi ya dola 30 kila moja. Msimamizi anasema rejea zangu ni dhaifu. Bando nalo halikai. Mwenzangu wa chumbani anasoma hisabati, analia kilio hichohicho. Wapi kuna vitu vya uhakika ambavyo mtu asiye na fedha anaweza kuvisoma?"

Marahaba, binti yangu. Nimefurahi kwamba msimamizi amekubana kuhusu rejea, maana anakutakia mema. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu mabonde ya Rungwe nayajua na mabomba nimeyabeba begani huko.

Kabla ya tovuti yoyote, tuanze na jina. Nahisi wiki tatu zako ziliishia kwenye maneno kama pampu isiyotumia umeme. Nenda dukani uombe "kile kitu cha kukunia", utaletewa kila aina ya chombo. Sema mbuzi ya nazi, muuzaji anaifuata moja kwa moja. Pampu unayoitafuta ina jina lake: kwa Kiingereza ni "hydraulic ram", na mimi hapa nitaiita haidramu. Wafaransa huiita "bélier hydraulique", Wajerumani "hydraulischer Widder", Wareno na Wabrazili "carneiro hidráulico". Lugha zote hizo zimeifananisha na kondoo dume anayepiga kwa kichwa. Yaandike majina yote manne kwenye daftari. Wabrazili wameiandikia sana pampu hii kwa ajili ya mashamba yao, na hazina ya SciELO, iliyoanzia kwao, inakupa majarida yake bure. Kivinjari kitakutafsiria Kireno vya kutosha kuelewa jedwali na mchoro.

Kisha tafuta jina la kile kinachoifanya ifanye kazi. Maji yanateremka bombani, yanashika kasi, na kasi hiyo inaibamiza vali ifunge. Maji yaliyokuwa mbioni yanazuiwa ghafla, presha inaruka, na mruko huo unasukuma sehemu ndogo ya maji kupanda mlima. Presha ikishuka vali inafunguka, mzunguko unaanza upya, usiku na mchana. Mshindo huo wataalamu wanauita "water hammer". Ukitafuta kwa jina la pampu pekee utapata waliojenga pampu. Ukitafuta kwa jina la mshindo utapata waliouelewa, na msimamizi wako anataka uwasome wote.

Sasa mlango wa kwanza: Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafutia makala za kitaalamu. Wengi wanaitumia kama Google ya kawaida, wakasoma matokeo matano ya juu na kuondoka. Faida yake iko kwenye viungo vidogo vilivyo chini ya kila tokeo. Kimoja kinaonyesha kazi zote zilizoinukuu makala hiyo baadaye. Kwa hiyo ukipata makala moja nzuri ya zamani, huhitaji kukisia maneno tena: bonyeza hapo, utaletewa watoto na wajukuu wake. Na orodha ya rejea mwishoni mwa makala inakupeleka kwa wazazi na mababu. Panda na ushuke hivyo mara tatu nne, utaona majina yaleyale yanajirudia. Hapo ndipo ujue umefika kwenye uti wa mgongo wa mada.

Kwa mada yako ukoo huo ni mrefu na unapendeza. Mwaka 1772 John Whitehurst, fundi wa saa wa Uingereza, alijenga huko Cheshire mtambo wa kupandisha maji kwa mshindo huu, ila bomba lilipaswa kufunguliwa na kufungwa kwa mkono. Maelezo yake yalichapwa na Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, mwaka 1775. Mwaka 1796 Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier, yuleyule wa puto la hewa moto, aliifanya vali ijifunge na kujifungua yenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19, Nikolai Joukowsky alipima mishindo ya presha kwenye mabomba ya maji ya Moscow, akatoa kanuni ambayo utaikuta kila kitabu cha mabomba. Nakutajia haya kwa sababu makala za Royal Society zilizozidi miaka 70 zimekuwa wazi kwa kila mtu tangu 2011. Unaweza kumsoma Whitehurst mwenyewe, mchoro wake ukiwa mbele yako, bila kulipa senti. Rejea ya 1775 iliyosomwa kweli ina uzito kuliko rejea kumi za juzi zilizonakiliwa kutoka kwa mtu mwingine.

Ukuta wa dola 30 sasa. Usiulipe. Makala nyingi zina nakala halali ya bure mahali pengine, kwa sababu mwandishi aliiweka kwenye hazina ya chuo chake. Kiungo kingine cha Scholar kinaonyesha matoleo yote ya makala; kifungue kabla ya kukata tamaa. Ukiwa na kompyuta, weka kiongezi kiitwacho Unpaywall kwenye kivinjari cha Chrome au Firefox: ukifungua ukurasa wa makala inayolipiwa, kijialama cha kufuli kikigeuka kijani, nakala halali ya bure ipo na ukibonyeza unapelekwa. Hazina ya CORE, ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, nayo imekusanya makala huria kutoka hazina za vyuo vya dunia nzima.

Hapo bado hujaenda maktaba, nami nakuomba uende kesho. Mpango wa Research4Life unavipa vyuo vya nchi kama yetu majarida ya kulipia bure au kwa ada ndogo. Ndani yake kuna tawi linaloitwa ARDI, linalosimamiwa na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, na hilo ndilo la sayansi na teknolojia. Neno la siri hapewi mwanafunzi mmoja mmoja, hupewa chuo. Nimekutana na wanafunzi wengi waliomaliza shahada bila kujua kwamba mkutubi alikuwa nalo mezani miaka yote. Muulize pia kuhusu hifadhidata ambazo vyuo vya Tanzania huzilipia kwa pamoja kupitia umoja wa maktaba, COTUL. Wenzetu wa Kenya wana umoja wao, KLISC.

Na kama makala bado imefungwa, mwandikie mwandishi. Sentensi nne: wewe ni nani, unafanya nini, unaomba makala ipi, asante. Barua pepe yake ipo kwenye ukurasa wa kwanza unaoonekana bure. Mimi nilianza kufanya hivyo nikiwa na umri kama wako, na waliojibu ni wengi kuliko walionyamaza. Mmoja alinitumia makala niliyoomba pamoja na vipimo vyake ghafi ambavyo hakuwahi kuvichapa.

Kuna mlango ambao wanafunzi wetu wa uhandisi karibu wote wanaupita bila kuugusa: hataza ("patent"). Mvumbuzi anapopewa haki ya kipekee juu ya uvumbuzi wake, bei anayolipa ni kuueleza wazi, kwa michoro, kiasi cha fundi mwingine kuweza kuutengeneza. Maelezo hayo yako wazi kwa dunia. Ofisi ya Hataza ya Ulaya inayaweka kwenye Espacenet, na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani kwenye PATENTSCOPE, zote bure. Humo usitafute kwa maneno peke yake, kwa sababu mawakili wa hataza hupenda kuita vitu kwa majina ya ajabu. Tafuta kwa namba ya kundi. Uvumbuzi wote duniani umepangwa kwenye makundi, na haidramu ina kundi lake: F04F 7/02. Andika hiyo, utaona vali za mpira, vali za springi, vali za uzito, vyumba vya hewa vya kila umbo, za Wajerumani, Wachina, Wamarekani, kutoka karne ya 19 mpaka leo. Hakuna jarida litakalokuonyesha jinsi ya kuishikilia vali isichakae kwa uwazi kama michoro hiyo.

Mambo mawili kuhusu hataza. Kwanza, ulinzi kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, na unashika tu katika nchi uliposajiliwa. Mchoro wa 1960 ni wako kuutumia. Mchoro mpya wa Ujerumani ambao haukusajiliwa Tanzania, ama moja kwa moja ama kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, haumzuii mtu kuujenga Rungwe. Pili, hataza si ushahidi kwamba kitu kinafanya kazi vizuri. Mkaguzi huangalia kama wazo ni jipya. Hapimi ufanisi wake kwa ndoo na saa. Chukua michoro kwenye hataza, namba zitafute kwa waliopima.

Na kwenye namba ndiko ninakokusihi utulie, maana mimi niliteleza hapo. Miaka ya nyuma tulikadiria maji ya kijiji kimoja kwa kutumia ufanisi wa asilimia 60 tuliouona kwenye karatasi ya mtengenezaji. Hatukuuliza ulipimwa katika hali gani. Ulikuwa umepimwa maji yakipandishwa kimo kidogo, ilhali sisi tulikuwa tunayapandisha zaidi ya mara tisa ya kimo yanachoangukia, na haidramu hupoteza ufanisi uwiano huo unapokua. Tanki tulilowaahidi kina mama kwamba litajaa kila asubuhi lilikuwa likifika nusu. Waliendelea kubeba ndoo mpaka tulipoongeza pampu ya pili, na sijawasahau.

Kuna zaidi ya hapo. Neno ufanisi lenyewe lina maana mbili kwenye makala za haidramu. Chukua mfano: lita 60 kwa dakika zinaingia kwenye pampu, zinaanguka mita 4, na lita 5 kati yake zinapanda hadi mita 30 juu ya pampu. Kwa hesabu ya D'Aubuisson unazidisha 5 kwa 30, unagawanya kwa 60 mara 4, unapata asilimia 62.5. Kwa hesabu ya Rankine unahesabu kupanda kuanzia usawa wa maji ya chanzo, yaani mita 26, na unatoa zile lita 5 kwenye maji yaliyotumika: 5 mara 26, gawanya kwa 55 mara 4, unapata asilimia 59. Pampu ni ileile, maji ni yaleyale. Ukilinganisha makala mbili bila kuangalia kila mmoja alitumia hesabu ipi, utatangaza mshindi asiyekuwepo. Kwa hiyo ukifungua makala, ukishasoma ikisiri nenda moja kwa moja kwenye ukurasa unaoeleza alama na vipimo, ndipo urudi kwenye hitimisho.

Kanuni ya Joukowsky nayo itakusaidia kuzipima zile video za chupa. Mruko wa presha ni tungamo (masi) ya maji kwa ujazo, mara kasi ya wimbi la presha ndani ya bomba, mara kasi iliyozuiwa. Kwenye bomba la chuma wimbi hukimbia karibu mita 1,200 kwa sekunde au zaidi. Kwenye bomba la poliethilini hushuka hadi mia tatu au mia nne tu, kwa sababu plastiki inatanuka na kuumeza mshindo. Zuia maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde: chuma kinakupa mruko wa kama mita 120 za maji, plastiki kama 35. Ndiyo maana waliojenga kwa umakini wanasisitiza bomba la kuleta maji liwe la chuma, hata kama la kupandishia ni la plastiki. Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kilikuwa na kitengo cha teknolojia kwa nchi zinazoendelea kilichofanyia haidramu kazi kwa miaka na kuchapa miongozo ya kiufundi kwa lugha nyepesi. Inapatikana bure, na kwa mtu anayejenga kijijini naiona bora kuliko makala nyingi za majarida.

Kwa sifa za maji yenyewe katika joto na presha tofauti, tumia Chemistry WebBook ya taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST. Ni bure, na chanzo cha kila namba kimetajwa. Kwa mtandao wa mabomba kuanzia tanki la shule hadi vituo vya kuchotea, kuna EPANET, programu ya bure ya shirika la mazingira la Marekani. Ila usiitumie kwa haidramu: haihesabu mshindo, inahesabu maji yaliyokwisha kutulia katika mwendo wake. Nimeona tasnifu ikianguka kwa kosa hilo.

Mwenzako wa hisabati amebahatika kukuzidi. Wanahisabati wana desturi ya kuweka makala zao arXiv kabla hata ya kuzipeleka jaridani. Hazina hiyo ilianzishwa na mwanafizikia Paul Ginsparg mwaka 1991, baadaye ikahamia Chuo Kikuu cha Cornell, na kila kilichomo ni bure. (Nawe una kona yako humo, kwenye fizikia ya vimiminika.) Aelewe tu kwamba makala ya arXiv huenda haijapitiwa na wataalamu wengine. Hilo halimaanishi ni dhaifu: mwanahisabati Grigori Perelman aliweka humo uthibitisho wa dhana ya Poincaré, fumbo maarufu la hisabati, mwaka 2002 na 2003 na hakuupeleka jarida lolote. Lakini wenzake walitumia miaka kuukagua mstari kwa mstari kabla ya kusema ndiyo.

Kwa kukagua, aende zbMATH Open. Zamani ilikuwa ya kulipia, ikafunguliwa kwa wote mwaka 2021. Ina kumbukumbu za makala na vitabu vya hisabati tangu karne ya 19, na nyingi zina aya iliyoandikwa na mwanahisabati mwingine akieleza kazi hiyo imefanya nini. Aya moja nyepesi kama ujumbe wa simu inaweza kumwambia kwamba makala ya megabaiti kumi haimhusu. MathSciNet ya chama cha wanahisabati wa Marekani ni nzuri vilevile, ila ni ya kulipia, hivyo aulize maktaba.

Na kama kazi yake inazaa namba za kuhesabu vitu, asilale bila kuijua OEIS, kamusi ya mtandaoni ya mifuatano ya namba. Neil Sloane alianza kukusanya mifuatano ya namba kwenye kadi mwaka 1964, akiwa mwanafunzi. Leo imezidi 370,000. Tuseme anahesabu njia za kukata umbo lenye pembe nyingi kuwa pembetatu kwa mistari isiyokatana: pembetatu 1, pembe nne 2, pembe tano 5, kisha 14, kisha 42. Akiandika namba hizo tano ataambiwa ni namba za Catalan, atapewa kanuni, na mahali pengine kadhaa zinapojitokeza ambapo hakupategemea. Kwangu mimi hiyo ndiyo tovuti yenye kuheshimu zaidi muda wa mwanafunzi: ukurasa mwepesi, maandishi matupu, na jibu ama lipo ama halipo. Akikwama kwenye kazi maalumu za hisabati ("special functions") kama za Bessel, maktaba ya NIST iitwayo DLMF ina kanuni zilizohakikiwa.

Usidharau vya nyumbani. Jarida la sayansi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mengine mengi ya Afrika yako African Journals Online, na tasnifu za Nairobi, Makerere, Dar es Salaam na Nelson Mandela Arusha ziko kwenye hazina za vyuo hivyo. Humo utakuta mambo ambayo Mjerumani hatakuandikia: vipuri vilivyokosekana, mchanga wa kijito chetu, nani anaitunza pampu mradi ukiisha.

Jihadhari na majarida yanayochapa chochote ilimradi mwandishi amelipa. Angalia kama jarida liko kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure; kutokuwemo si hukumu, ila ni sababu ya kuuliza zaidi. Weka rejea zako kwenye Zotero, programu ya kutunzia rejea, ni bure, na itakupa onyo makala uliyohifadhi ikiwa imefutwa na jarida lake. Na ukimuuliza roboti wa akili unde akutajie rejea, usiandike hata moja kabla hujaibandika namba yake ya utambulisho, DOI, kwenye tovuti ya doi.org na kuiona makala kwa macho yako. Roboti hao hutunga makala zisizokuwepo, na jina la mwandishi wa kweli juu yake. Msimamizi akikuta moja tu, hatakuamini kwa zile ishirini za kweli.

Kuhusu bando: kurasa za arXiv, zbMATH na OEIS ni nyepesi hata kwa simu. Pitia ikisiri ukiwa chumbani, andika orodha ya zile unazotaka kamili, kisha zipakue zote kwa mkupuo ukiwa maktaba. Video ziache.

Kuna namba tatu ambazo hutazipata kwenye hazina yoyote niliyokutajia, nazo ndizo zitakazobeba mradi wako: kijito kinatoa lita ngapi kwa dakika, kinaanguka mita ngapi hadi pale pampu itakapokaa, na shule iko mita ngapi juu ya hapo. Ulizia Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa kama wana vipimo vya mto ulio karibu, na wakati huohuo waulize kuhusu kibali cha kutumia maji. Kisha nenda na ndoo ya lita 20, saa, na mpira wa maji mrefu unaopitisha mwanga kwa ajili ya kupima usawa. Nenda mwezi wa kumi, mvua zikiwa hazijaanza na kijito kikiwa kimekonda kabisa, ukapime mara tano na kuandika zote. Ukishazipata, nitumie pamoja na orodha ya makala ulizosoma, tuone bomba la kuleta maji liwe na urefu gani.